Hidaya za Idi kutoka Maskati

Katika mji wetu wa Unguja, msafiri arudipo karibu na sikukuu haulizwi alikula nini wala alilala wapi. Huulizwa, kwa macho zaidi kuliko kwa ulimi, ni nani na nani aliowakumbuka. Sanduku lake halifunguliwi siku ile ile ya kuwasili, maana ada haikubali pupa. Huwekwa pembeni mwa ukumbi, likapitwa na kila aingiaye kutoa pole ya safari, na kila mtu mzima hujizuia asilitazame, ilhali watoto, ambao bado hawajafunzwa kuficha haja zao, hulizunguka na kulipapasa kufuli mpaka wakafukuzwa. Mimi nimekulia katika ukumbi wa namna hiyo, na nimewaona wasafiri wengi wakifungua masanduku yao usiku wa kuamkia Idi: wengine wakigawa vitu vya thamani kubwa, ambavyo kila aliyepokea alishukuru kwa adabu kisha akavipandisha juu ya kabati visionekane tena, na wengine wakitoa vitu vidogo mno, kishikizo, kitana, fundo la uzi wa rangi fulani, vikamfanya mpokeaji anyamaze kidogo kabla ya kupata neno la kusema. Tofauti baina ya makundi haya mawili ilinishughulisha tangu utotoni, na jawabu lake nililipata kwa marehemu mama yangu, ambaye alishikilia maisha yake yote kwamba zawadi ya msafiri hununuliwa nyumbani kabla ya safari, na kwamba sokoni mtu huenda kuichukua tu.

Mama alikuwa mshoni, na kazi yake ilimpa mazoea ya kumtazama mtu kama alivyo, mabega yake, urefu wa mkono wake, upande anaoulemea asimamapo, bila ya mtu mwenyewe kuhisi kwamba anapimwa. Alipopata habari kwamba nimealikwa Maskati na jamaa zetu walioko huko, nikae nao Ramadhani na kurudi kabla ya Idi ya Mfungo Mosi, hakuniuliza nina fedha kiasi gani za kununulia vitu. Alinitaka niende nyumba kwa nyumba kuwaaga watu, na nisiende kwa haraka. Kuaga, kwa maoni yake, ni darsa kubwa, kwa sababu anayekwenda kuaga huketishwa, akapewa kahawa, akaombewa dua, na katika muda huo wote macho yake yako huru kutazama mambo ambayo siku nyingine huyapita. Basi nilikaa na kutazama, na niliyoyaona sikuyatarajia. Shangazi yangu alikuwa akifukizia nguo kwa chetezo kilichopasuka mdomo na kufungwa kwa waya. Mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha alifu kwa ijiti, alikuwa sasa akiusogeza msahafu hadi karibu na pua, maana maandishi yake yalikuwa madogo na macho yake yamechoka. Na ami yangu, ambaye kwa murua wake hakupata kumlalamikia mtu jambo lolote, alikuwa kila mara akiirudisha nyuma kofia yake ya Ijumaa isimshukie machoni, kwa kuwa maradhi ya mwaka ule yalikuwa yamemkondesha hata kichwa.

Nilipomweleza mama haya, alifurahi kuliko ambavyo angefurahia fedha. Alimtuma mtu kwa mke wa ami, naye, bwana wake alipokuwa amejilaza baada ya sala ya adhuhuri, akampitishia uzi mweupe kichwani na kuukata penye kikomo chake. Uzi ule mama akautia fundo moja; akaongeza mwengine wenye mafundo mawili, ambao ulikuwa duara ya mkono wa dada yangu kwa ajili ya bangili; kisha akavikunja vyote viwili katika kipande cha karatasi akanipa pamoja na pasi yangu ya kusafiria. Nilikuwa kijana wakati ule na niliona kwamba hayo ni mambo ya kizee. Lakini nilivitia mfukoni, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kubishiwa.

Soko la Matrah, huko Maskati, liko nyuma ya barabara ya pwani, mbele yake bandari na nyuma yake milima mikavu isiyo na mti, na juu ya jabali mojawapo imesimama ngome iliyojengwa na Wareno zama zile zile walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, kabla Waomani hawajawatoa katika miji yote miwili. Wenyeji wa zamani huliita Soko la Giza, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na vimefunikwa juu, hata jua la mchana, ambalo katika nchi ile ni kali mno, haliingii humo ila kwa vipande. Mchana wa Ramadhani soko lile hupoa kabisa, wenye maduka wamelala au wanasoma Kurani nyuma ya meza zao. Baada ya tarawehe ndipo huamka. Hapo watu hujaa bega kwa bega, wanaume wenye kanzu nyeupe na vilemba, mabibi wanaochagua udi, watoto wanaojaribu makubadhi mapya ya Idi, na moshi wa ubani hufuka kutoka vyetezo vilivyowekwa mlangoni mwa kila duka la pili, ukatanda chini ya dari hata mtu arudipo kulala hukuta nguo zake zimefukizwa bila ya kukusudia.

Niliingia katika duka la kofia nikasalimu kwa Kiarabu changu cha chuoni. Mzee mwenye duka alinitazama usoni, kisha akaitazama kofia yangu, akanijibu kwa Kiswahili kisicho na doa: "Karibu, mwanangu. Watoka mjini au shamba?" Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyonirudisha barazani kwetu. Watu wa namna yake ni wengi katika Maskati: waliozaliwa Unguja na Pemba, na mrima wa Tanganyika, na Bara hadi Kongo, wakarudi katika nchi ya wazee wao hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita watu wake waliotawanyika, na hata leo Kiswahili ndicho kinachozungumzwa nyumbani mwa wengi wao. Na kofia zenyewe, zile nyeupe zinazotariziwa kwa mkono na kutobolewa vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa nyuzi, ambazo Waomani huziita kumma na sasa ni vazi la kila mwanamume nchini mwao, ni ndugu wa kofia za viua za mwambao wetu. Pepo za msimu zilizokuwa zikipeleka na kuleta majahazi ndizo zilizozifanya ziwe za watu wote.

Nilitoa uzi wenye fundo moja nikamwekea mezani. Hakushangaa hata kidogo. Aliupima kwa kidole, akaniuliza: "Mwenyewe amepungua, au ndivyo alivyo?" Nikamwambia kwamba ni ami yangu, alikuwa mgonjwa, sasa yu katika kupata nafuu. Mzee akafikiri, akaiacha kofia iliyolingana na uzi, akashusha nyingine iliyozidi kwa kiasi kidogo sana. "Chukua hii," akasema. "Ikifuliwa itajikunja, na yeye akipona atanenepa, vitakutana njiani." Kisha akaigeuza kofia ile ndani nje anionyeshe kazi ilivyo, maana tarizi ya mkono huwa safi pande zote mbili na kila fundo limefichwa, ilhali ya mashine huacha nyuzi ndefu zikirukaruka upande usioonekana. Bibi aliyeifanya, aliniambia, aliishughulikia kwa miezi. Bei yake ilikuwa kubwa, na riali ya Oman, yenye baisa 1000 ndani yake, si fedha ya kuchezewa na mtu atokaye kwetu. Lakini sikupunguziana naye sana, kwa kuwa kubishania kwa ukali kazi ya macho ya mtu ni jambo ambalo mama, aliyekuwa akiishi kwa sindano, asingeliridhia. Yeye mwenyewe aliondoa kiasi, akasema hicho ni mkono wake wa Idi kwa ami.

Ubani ulinichukua muda mrefu zaidi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshapoteza nuru ya macho, na kila aliyesafiri alimletea nguo, ambazo alizipapasa, akauliza ni rangi gani, akashukuru. Mimi nilitaka kitu ambacho yeye mwenyewe angekijua bila ya kuhadithiwa. Ubani wa Oman hutoka Dhofari, kusini ya nchi: gome la mti huchanjwa, utomvu ukatoka mweupe kama maziwa, ukaachwa ukauke juu ya mti kwa siku kadhaa mpaka uwe tone gumu, ndipo ukakwanguliwa. Wauzaji huugawa kwa daraja nne, na jina la daraja hufuata mahali mti ulipoota. Shaabi, ulio rahisi, ni wa upande wa pwani. Kisha shazri na najdi. Na ulio bora kuliko wote ni hojari, wa bara kavu nyuma ya milima, pasipofikiwa na manyunyu ya kusi. Kusi hiyo ni hii hii yetu, inayotuletea baridi ya Juni na iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni. Ikifika Dhofari huikuta milima, ikamwaga ukungu na manyunyu upande wa bahari, na mti ulioota ng'ambo ya pili, katika kiu, ndio utoao utomvu safi.

Kwa fedha niliyoshika ningeliweza kuondoka na mfuko mzima wa shaabi au na kiganja kimoja tu cha hojari. Wanunuzi walionizunguka walikuwa wakiinua punje kwenye taa ili watazame wangavu wake na ile rangi ya kijani hafifu ambayo huipandisha thamani. Mimi nilimwomba muuzaji aniwekee punje moja moja juu ya kaa, nikafumba macho. Alidhani nimechoka na saumu. Nilipomweleza kwamba ubani ule ni wa bibi asiyeona, aliacha kunisifia rangi, akavuta kopo jingine lililokuwa chini ya meza, lenye vipande vilivyovunjika ambavyo hakuvitia katika sinia ya mbele kwa kuwa havipendezi macho. Harufu yake ilikuwa ile ile ya hojari, na bei yake nusu. Hivi ndivyo bibi alivyopata viganja viwili badala ya kimoja, na haya nayataja kwa kuwa nimeona mara nyingi kwamba muuzaji mwenye insafu humsaidia mtu aliyekuja na habari za mpokeaji kuliko aliyekuja na fedha tupu. Huyu wa pili huuzwa kilicho mbele.

Ukubwa wa hidaya hauwezi kujaza pengo la kutomjua anayepewa, na ushahidi mkubwa wa jambo hili umo katika tarikhi ya pwani yetu yenyewe. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja kwa pamoja, alipeleka merikebu yake Sultana hadi New York chini ya uongozi wa Ahmad bin Naaman, na pamoja na bidhaa za biashara alipakia hidaya za kumpa rais wa Marekani, Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia la Kiajemi, shali za Kashmiri, marashi ya waridi, upanga uliopambwa kwa dhahabu. Hapana mfalme wa zama zile ambaye angelizitazama tunu kama hizo bila ya kufurahi. Rais, hata hivyo, hakuweza kuzipokea, kwa kuwa katiba ya nchi yake humkataza mwenye wadhifa wa dola kupokea zawadi ya mtawala wa kigeni bila ya idhini ya Bunge. Ikabidi Bunge liidhinishe zipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wale, waliovuka bahari mbili, wakauzwa mnadani. Lakini Wamarekani nao walitoa hidaya yao, na hiyo ndiyo ninayoihusudu: waliitazama merikebu ya mgeni wao, wakaona imechakaa kwa safari, wakaiingiza katika karakana ya manowari zao na kuitengeneza upya kwa gharama ya serikali. Walimpa nahodha kitu alichokihitaji ili afike nyumbani salama.

Chetezo cha shangazi nilikipata bila ya taabu, na bangili ya dada yangu kadhalika, ya fedha, iliyopita katika uzi wa mafundo mawili pasipo kubana. Msahafu wa maandishi makubwa niliuchagua kwa kuusoma nikiwa nimerudi nyuma hatua kadhaa. Vitambaa vya ng'ambo, manukato ya chupa na vichezeo nilivipita vyote, kwa sababu bidhaa ambayo sokoni kwetu Darajani imejaa tele haina haja ya kuvushwa bahari, na mtoto aliyeko Unguja hutaka zaidi senti za kwenda nazo Mnazi Mmoja jioni ya sikukuu mosi, akapande pembea na kununua malai, kuliko gari la bati lililotoka mbali.

Kwa sababu hiyo hiyo jamaa zangu wa Maskati walinistaajabia niliponunua haluwa. Unguja na Pemba zina haluwa zao, na sitasema kwamba zimepitwa. Kupika ni kule kule: sukari, wanga, samli, iliki, zafarani, lozi, sufuria kubwa ya shaba juu ya moto wa kuni, na mtu mwenye mikono yenye nguvu akikoroga kwa muda wa saa mbili au zaidi bila ya kupumzika, maana ikiachwa kidogo tu hushika chini. Lakini katika mtaa wetu alikuwako mzee mmoja aliyezaliwa katika kijiji cha Oman ya ndani, akaja Unguja na jahazi la kaskazi akiwa kijana mdogo, akaoa, akazaa, na hakurudi tena. Nilipokwenda kumuaga hakuniagiza chochote. Aliniuliza tu kama nitafika kule bara, penye milima, nikamwambia sijui. Naye akaanza kusema jambo, kisha akaliacha. Jambo lile aliloliacha ndilo lililoninunulisha haluwa.

Wako wanaosema, na husema kwa nia njema, kwamba mambo haya yote ni kujitaabisha, kwamba fedha hupelekwa leo kwa simu katika muda wa kufumba na kufumbua, na kila mtu akajinunulia akitakacho. Fedha ina mahali pake na heshima yake. Mwenye deni, mwenye mgonjwa, mwenye watoto wasio na nguo ya Idi, apelekewe fedha, na apelekewe mapema, kabla ya sikukuu kufika. Ila dini yetu imetofautisha sadaka na hidaya tangu mwanzo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akikubali hidaya na hakuwa akila sadaka. Sadaka hutazama haja ya mtu, na haja za watu hufanana. Hidaya humtazama mtu mwenyewe, naye hana wa kufanana naye. Ami yangu hakuwa na haja ya fedha. Angelipelekewa angeliipokea, akaitia katika matumizi ya nyumba, na Ijumaa iliyofuata angeliendelea kuirudisha nyuma kofia yake kila alipoinuka kutoka katika sijida.

Sanduku langu lilifunguliwa usiku wa mwandamo. Kofia ilikaa juu ya masikio ya ami kama mzee wa Matrah alivyokadiria, ikazidi kidogo sana, naye akasema kwamba ataijaza, Inshallah, na kabla ya Mfungo Tatu alikuwa ameshaijaza. Bibi aliunusa ubani, akauliza jina lake, akataka karatasi. Akakaa akiufunga mafungu mafungu kwa kupapasa, moja la msikiti, moja la mzazi wa nyumba ya pili aliyekuwa bado katika arubaini, moja la waliofiwa mtaa wa juu, na akatutuma watoto na watu wazima usiku ule ule tuyapeleke. Haluwa niliichukua mwenyewe kwa yule mzee. Alionja, akatikisa kichwa, akasema si ile: ile ya kwao ilitiwa sukari nyekundu na ikapikwa kwa kuni za mgunga, na waliopika walikuwa watu fulani, waliokaa penye mfereji fulani, chini ya mitende ya fulani bin fulani. Akaendelea hivyo, jina baada ya jina, kijiji baada ya kijiji, hata mwanawe, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu na amekaa na babake umri wake wote, akatoka chumbani na kalamu, akaketi karibu yake, akamwomba aanze tena, polepole. Karatasi ile walinionyesha mwaka uliofuata nilipokwenda kuwaaga kwa safari nyingine: ilikuwa imejaa majina pande zote mbili, na chini kabisa, kwa herufi za Kiarabu na kwa mkono wake mwenyewe, mzee alikuwa ameongeza agizo la tende za fardhi.